Sumu haiui, upanga hauunguzi: kutafuta tatizo kwenye Skyrim

Tangu gemu ya Skyrim itoke Novemba 2011, na hata baada ya Special Edition ya 2016 na Anniversary Edition ya 2021, malalamiko mawili hayajazeeka. La kwanza: nimepaka sumu kwenye jambia, nimechoma, adui hata hajatikisika. La pili: upanga wangu una uchawi wa moto, mbona hauunguzi? Anayelalamika huwa ameshaamua kwamba gemu ni mbovu. Mara nyingi gemu iko sawa kabisa. Imefuata sheria zake, ila sheria zenyewe haikumwambia mchezaji.

Kwa hiyo anza uchunguzi kwa aliyepigwa. Jiulize umempiga nani, kisha ulichopaka kina nini ndani yake, kisha silaha imebaki na chaji kiasi gani, kisha wewe mwenyewe umebeba nini mwilini. Hitilafu ya programu iwe ya mwisho kushukiwa. Wengi huanza na hiyo ya mwisho, wakafuta gemu na kuiweka upya, halafu wakarudi kumchoma maiti yuleyule kwa sumu ileile.

Majina ya viungo, vipaji na vifaa nimeyaacha kama yanavyosomeka kwenye skrini, maana huko ndiko utakakoyatafuta.

"Nimepaka sumu, nimepiga, uhai wake haukushuka"

Kama uliyempiga ni draugr, acha kutafuta, jibu umeshalipata. Hao maiti wanaoamka kwenye makaburi ya Wanodi (wenyeji wa nchi ya Skyrim) hawadhuriki na sumu hata tone. Mifupa inayotembea ni vivyo hivyo. Dragon Priest, makuhani maiti wa majoka, vivyo hivyo. Mashine za Dwemer, kabila la kale lililotoweka, kuanzia buibui wa chuma hadi Centurion, hazina damu ya kubeba sumu. Atronach ni moto, barafu au umeme uliopewa umbo, nao sumu haiwahusu. Vampaya pia wana kinga ya asilimia 100.

Ukiitazama orodha hiyo utaona kwa nini watu wengi huikatia tamaa alkemia (Alchemy, ujuzi wa kukoroga dawa na sumu) mapema. Hadithi kuu humpeleka mchezaji mgeni Bleak Falls Barrow, kaburi lililojaa draugr, akiwa na chupa zake mbili tatu za kwanza. Anazimaliza zote kwa maiti, anaamua sumu haina maana, na hagusi tena meza ya dawa mpaka mwisho wa gemu. Lau angezitumia kwa majambazi waliokaa mlangoni mwa kaburi hilohilo, angekuwa na maoni mengine.

Sumu ni ya watu na wanyama: majambazi, waasi wa Forsworn, dubu, mbwa mwitu. Hata kati ya watu kuna ngozi ngumu. Bosmer (elfu wa msituni) na watu wa Redguard huzaliwa na kinga ya asilimia 50 dhidi ya sumu, kwa hiyo jambazi wa Kiredguard atapata nusu tu ya maumivu uliyomwandalia. Draugr mletee moto. Barafu nayo iache nyumbani, kwa sababu ana kinga ya asilimia 50 dhidi ya baridi. Silaha za fedha zinazoandikwa Silver zina madhara ya ziada kwa maiti wote.

Ikiwa aliyepigwa alikuwa mtu wa kawaida na bado hakuna kitu, chunguza kama sumu ilikuwepo kweli kwenye silaha. Dozi moja ni pigo moja. Inakaa kwenye ubapa wa upanga ikimsubiri wa kwanza atakayeguswa, na wa kwanza huyo anaweza kuwa mbwa aliyekurukia njiani au, aibu zaidi, mwenzako uliyemkodi mwenyewe akajipitisha mbele yako katikati ya vita. Baada ya hapo unachomchoma nacho jemadari wa majambazi ni chuma kitupu. Kipaji cha Concentrated Poison, kinachofunguka Alchemy ikifika 60, hufanya dozi moja itoshe mapigo mawili. Ni kipaji kizuri kuliko vyote kwa mtu wa jambia, na ningekichukua kabla ya vingi vinavyosifiwa zaidi.

Huwezi kupaka sumu juu ya sumu. Silaha ikiwa tayari ina dozi, itakataa nyingine mpaka ya kwanza itumike. Ngumi haipaki sumu, fimbo ya uchawi haipaki sumu, na mwiko huo haubadilishwi na kipaji chochote.

"Imeingia, lakini ni kama kuumwa na mbu"

Hapa mambo mawili huchanganywa. La kwanza ni aina ya sumu. Damage Health hukata uhai mara moja, unaona mstari mwekundu ukiruka. Lingering Damage Health hutafuna kidogokidogo kwa sekunde 10, na ukimtazama adui kwa sekunde moja utaapa kwamba hakuna kilichotokea. Ravage Health hufanya kitu cha tatu: hupunguza kiwango cha juu cha uhai kwa muda, kisha muda ukiisha kiwango kinarudi. Ukikoroga Imp Stool na Mora Tapinella unapata ile ya kutafuna. Ukikoroga Deathbell na Nightshade unapata ile ya kukata. Chupa zote zinaitwa sumu, na mpiganaji asiyesoma lebo huona zote ni sawa.

La pili ni mkono wa mkorogaji. Sumu uliyoikoroga ukiwa Alchemy 15 haina kipaji nyuma yake, na adui wa leveli 30 ataimeza kama maji. Nguvu huletwa na vitu vinavyosukumana pamoja: ujuzi wenyewe, ngazi tano za kipaji cha Alchemist zinazoongeza asilimia 20 hadi 100, kipaji cha Poisoner kinachoongeza asilimia 25 kwa sumu peke yake, na mavazi yenye Fortify Alchemy. Mavazi hayo yavae wakati wa kukoroga. Kuyavaa vitani hakuongezi chochote, kwa sababu nguvu ya sumu iliamuliwa mezani, chupa ilipofungwa.

Ikiwa nguvu bado ni ndogo, badili lengo. Usijaribu kumuua kwa sumu, mzuie. Deathbell na River Betty hutoa sumu inayoumiza na kumfanya mtu atembee polepole kwa pamoja, na adui anayeburuza miguu mbele ya mpiga upinde hana maisha marefu. Imp Stool na Canis Root hutoa kupooza kutupu. Ongeza Nightshade iwe ya tatu, utapata kupooza na maumivu ndani ya chupa moja. Mtu aliyeanguka kama gogo kwa sekunde chache hahitaji sumu kali, anahitaji shoka. Joka hapoozi, lakini, kwa hiyo usiende kumjaribu.

"Sumu yangu inamponya adui"

Wakikuambia hii haiwezekani, waonyeshe Imp Stool na Swamp Fungal Pod. Vyote viwili vina Paralysis, na vyote viwili vina Restore Health. Ukivikoroga pamoja unapata sumu ya kupooza yenye dawa ya kuponya ndani yake, na adui hupokea vyote: anaanguka, na akiwa chini mstari wake mwekundu unapanda kidogo.

Sababu iko kwenye kanuni ya meza ya dawa. Kila kiungo kina sifa nne. Sifa yoyote inayopatikana kwenye angalau viungo viwili kati ya ulivyoweka huingia kwenye chupa, uipende usiipende. Kisha gemu inatazama sifa ipi ina thamani kubwa ya pesa, na hiyo ndiyo inayoamua jina na kama chupa itakuwa dawa au sumu. Paralysis ni ya bei kubwa, Restore Health ni ya bei ndogo, basi chupa inaitwa sumu. Ile ndogo haifutwi, inasafiri chini ya jina la mwenzake.

Upande wa pili wa kanuni hiyo ndio unaowatesa wafanyabiashara. Wheat na Giant's Toe vinakupa dawa maarufu ya Fortify Health (kuongeza uhai), inayouzwa kwa bei nzuri hata mapema kwenye gemu. Viungo hivyo pia vina Damage Stamina Regen kwa pamoja, yaani hupunguza kasi ya stamina (pumzi yako) kujirudisha. Uiuze, utajirike. Ukiinywa mwenyewe kabla ya pambano, uhai utaongezeka kweli, lakini baada ya mapigo mawili ya nguvu mstari wa kijani utagoma kujaa. Hapo ndipo mtu huandika kwamba stamina yake "imeganda". Haijaganda. Ameinywa.

Kwa hiyo usisome jina la chupa, soma mistari iliyo chini ya jina. Kama ungependa kusahau habari hii yote, fikisha Alchemy 100 uchukue Purity, ambayo huondoa mabaya kwenye dawa na mazuri kwenye sumu. Binafsi sioni haja ya kuikimbilia. Anayesoma lebo anaishi vizuri bila Purity, na sumu yenye sifa mbili tatu huuzwa kwa bei nzuri zaidi.

Neno moja kuhusu kula viungo vibichi ili kujua sifa zake. Kula kunakufunulia sifa ya kwanza, na sifa hiyo inakupata wewe mlaji. Deathbell ukiila, inakuumiza. Nyingi ni maumivu madogo, ila Jarrin Root, inayopatikana moja tu kwenye gemu nzima kupitia kazi za genge la wauaji la Dark Brotherhood, inaweza kumwangusha mlaji papo hapo. Hiyo usiionje.

"Mimi ndiye niliyedhoofika, na sijui ni nini"

Kabla ya kunywa chupa yoyote fungua menyu ya Magic, shuka mpaka Active Effects. Kila kitu kinachokufanyia kazi mwilini kimeandikwa pale pamoja na muda uliobaki. Ni ukurasa mmoja, na unajibu zaidi ya nusu ya maswali ya aina hii.

Ukikuta kitu chenye muda wa sekunde, ni sumu. Buibui wa Frostbite na chaurus, wadudu wakubwa wa mapangoni, hukutemea kutoka mbali, na deraya ya chuma uliyovaa haisaidii, kwa sababu deraya hupunguza mapigo ya silaha tu. Hata ukivaa deraya ya Daedric kuanzia kichwani hadi unyayoni, mate ya chaurus yatakupata kama uliyevaa kanzu. Dawa yake ni Cure Poison, au kinga ya sumu kabla ya pambano. Kipaji cha Snakeblood hukupa asilimia 50.

Ukikuta kitu kisicho na muda, chenye jina la ajabu, huo ni ugonjwa, na Cure Poison haiugusi. Watu wengi hunywa chupa tatu za Cure Poison kwa hasira kisha wanasema dawa ni feki. Mbwa mwitu huleta Rockjoint, inayopunguza nguvu ya silaha za mkono kwa asilimia 25, na hiyo ndiyo sababu ya kimya ya wapiganaji wengi kuhisi panga zao zimekuwa butu. Dubu huleta Bone Break Fever, inayokula stamina 25. Sabre Cat huleta Witbane, na Magicka yako (nguvu ya kufanyia uchawi) inajaa kwa nusu ya kasi. Panya wakubwa wa skeever huleta Ataxia, ukashindwa kufungua kufuli ulizokuwa ukizifungua jana. Tiba ya yote ni Cure Disease, au kugusa madhabahu yoyote ya miungu mjini, au kula Hawk Feathers mbichi, ambazo wengi huziuza kwa senti chache bila kujua walichonacho mkononi.

Ugonjwa mmoja usiuchelewe. Sanguinare Vampiris hutoka kwa vampaya, hukata uhai 25, na baada ya siku tatu za ndani ya gemu unakuwa vampaya mwenyewe. Ndani ya siku hizo tatu tiba ni zilezile za kawaida. Baadaye si hivyo. Mchezaji anayeuliza kwa nini uhai wake haujirudishi mchana lakini usiku uko sawa, au kwa nini moto unamuumiza kuliko zamani, huyo ameshapita mpaka. Amtafute mchawi Falion katika mji wa Morthal akiwa na Black Soul Gem (jiwe jeusi la kunasia roho za watu) iliyojaa.

"Nimemtilia sumu mfukoni, amekaa tu"

Kuweka sumu kwenye mfuko wa mtu bila kipaji cha Poisoned cha mti wa Pickpocket (ujuzi wa kuiba mifukoni) ni kumpa zawadi. Kipaji kinafunguka Pickpocket ikifika 40. Kumbuka pia kinga zilezile za juu: vampaya aliyejifanya raia wa mjini hatadhurika.

"Upanga una uchawi, lakini hauunguzi"

Chaji kwanza. Uchawi wa silaha hula chaji kila unapopiga, na ikibaki chini ya kiasi cha pigo moja uchawi hunyamaza. Silaha haivunjiki na jina halibadiliki, ndiyo maana hushtuki. Fungua mkoba, tazama mstari wa chaji chini ya silaha, jaza kwa jiwe la roho lililojaa. Mavazi, pete na mikufu havili chaji kamwe, hivyo hapa tunazungumzia silaha na fimbo tu.

Chaji ikiwa imejaa, rudi kwa aliyepigwa. Wahenga wetu walisema dawa ya moto ni moto. Methali hiyo usiende nayo kwa Flame Atronach, maana ana kinga kamili dhidi ya moto. Wanodi wana asilimia 50 dhidi ya baridi, na nchi yenyewe ni yao, kwa hiyo upanga wa barafu ndani ya Skyrim ni chaguo baya kuliko unavyoonekana dukani. Dunmer, elfu weusi, wana asilimia 50 dhidi ya moto. Watu wa Breton wana asilimia 25 dhidi ya uchawi wa kila aina. Troll, kinyume chake, huumizwa na moto zaidi ya kawaida, na troll ni mnyama anayejiponya haraka mno. Ukiwa na silaha moja tu ya moto, mwekee yeye.

Kisha kuna silaha zenye masharti, na hapa ndipo uchunguzi unanoga. Silaha zenye jina la Lunar, zinazopatikana Silent Moons Camp, huunguza pale mwezi unapokuwa juu tu. Mchana ni chuma cha kawaida. Mtu anayezijaribu saa sita mchana, kisha tena saa tisa alasiri, atasema hazifanyi kazi, na kwa saa hizo amesema kweli. Chaos Damage, iliyokuja na nyongeza ya gemu iitwayo Dragonborn, ina bahati nasibu: moto, baridi na umeme kila kimoja kina nafasi ya asilimia 50 kwa kila pigo. Kwa hiyo pigo moja linaweza kutoa vyote vitatu na linalofuata lisitoe hata kimoja. Usiihukumu kwa mapigo mawili.

Nao wanaolalamika kwamba mlio (Shout, sauti yenye nguvu ya uchawi) wa Elemental Fury hauongezi kasi ya mkono wao, watazame kama silaha ina uchawi. Mlio huo hukataa silaha yoyote iliyotiwa uchawi. Chukua upanga mtupu, utaona tofauti. Sumu haina wivu wa namna hiyo: inakaa vizuri juu ya silaha yenye uchawi, na pigo moja likatoa vyote viwili.

Fear na Turn Undead, uchawi wa silaha unaowakimbiza maadui na maiti, zina kosa lake la pekee. Zimeandikwa zinafanya kazi kwa viumbe hadi leveli fulani, na ukiupita mpaka huo hata kwa leveli moja hakuna kinachotokea, hata kidogo. Mwanzoni kila mtu anakukimbia. Maadui wanakua pamoja na wewe, silaha haikui, na siku moja hakuna anayekimbia tena. Silaha haijaharibika, imepitwa. Sumu za Fear na Frenzy (ya kumtia adui wazimu) zina mpaka uleule.

"Nimevaa kinga, bado naungua"

Kinga ya moto na kinga ya uchawi hazijumlishwi. Moja hukata kwanza, ya pili hukata kilichobaki. Ukiwa na asilimia 50 ya kila moja, moto wa pointi 100 unabaki 50, kisha 25. Hesabu ya asilimia 100 uliyoipiga kichwani haipo. Tena kila moja kati ya hizo ina dari ya asilimia 85, hata mavazi yako yakiahidi 120. Ukiona pete ya pili haiongezi kitu, huenda umefika darini, na pete hiyo ingefaa kubeba kitu kingine.

Matatizo ya mezani

Meza ya uchawi ina lawama nyingi ndogondogo, na nyingi ni za rangi ya kijivu. Uchawi ukionekana wa kijivu kwenye orodha, kifaa ulichochagua hakiukubali. Muffle, ya kunyamazisha hatua, inakubali viatu tu. Fortify Smithing, ya kuongeza uhunzi, inakubali kifua, mikono, pete na mkufu, kwa hiyo kofia haitakubali hata ukiitazama namna gani. Kifaa kikiwa cha kijivu kwenye sehemu ya kuvunja (kukiharibu ili ujifunze uchawi wake), ama uchawi wake unaujua tayari, ama ni kitu cha pekee kisichovunjika, kama Dawnbreaker. Kifaa chenye uchawi tayari hakipokei mwingine juu yake. Anayetaka viwili kwenye kitu kimoja asubiri Extra Effect, Enchanting ikifika 100, na hata hapo avitie vyote viwili kwa mara moja.

Upanga uliotiwa uchawi ukakataa kunolewa kwenye jiwe la kunolea, tatizo si la meza ya uchawi, ni la uhunzi. Unahitaji Arcane Blacksmith, Smithing ikifika 60. Kama huna, noa kwanza, tia uchawi baadaye.

"Nimekunywa Fortify Enchanting, namba hazikupanda" kwa kawaida ina maana moja: muda uliisha. Dawa hiyo hudumu sekunde 30. Kabla ya kuinywa, amua kifaa, uchawi, jiwe na hata jina. Vilevile usisubiri kupata silaha yenye moto mkali ili uivunje ukidhani utajifunza moto mkali. Nguvu huja kutoka kwenye ujuzi, vipaji na ukubwa wa roho. Jambia la chuma chepesi na upanga wa Daedric hupokea uchawi uleule kwa kiwango kilekile.

Roho zenyewe hupotea kwa sababu tatu. Ya kwanza, jiwe ni dogo kuliko roho: roho ya mnyama wa leveli 38 na kuendelea ni Grand, daraja la juu kabisa, na haiingii kwenye jiwe la Common, la kati. Ya pili, roho za watu, wawe Wanodi, Waelfu, Khajiit au Argonian, huingia kwenye Black Soul Gem tu, au kwenye kifaa cha pekee kiitwacho Black Star. Ya tatu ni muda. Wengi hupunguza Soul Trap (uchawi wa kunasa roho) ya silaha mpaka sekunde moja ili kupata matumizi mengi kwenye chaji ileile. Ujanja huo ni halali na mimi huutumia, ila adui lazima afe ndani ya sekunde hiyo. Ukimpiga, akafa sekunde tatu baadaye kwa sumu ya kutafuna, roho imekwenda zake. Silaha ya namna hiyo na Lingering Damage Health visiwekwe mkono mmoja.

Kwa hesabu ya chaji, kwa madaraja ya mawe ya roho: Petty hubeba 250, Lesser 500, Common 1000, Greater 2000, Grand na Black 3000. Upanga unaokula 30 kwa pigo, ukitiwa uchawi kwa Grand, una mapigo 100. Ukishusha nguvu kidogo kwenye mstari wa kupimia kabla ya kuthibitisha, mapigo yanaongezeka. Kipaji cha Soul Siphon hurudisha sehemu ya chaji unapoua mnyama. Ukiua mtu hakirudishi kitu, jambo ambalo wapiganaji wa majambazi hulisahau.

Hitilafu za kweli

Zipo, na maarufu kuliko zote ni ya Fortify Restoration, dawa ya kuimarisha uchawi wa uponyaji. Gemu huhesabu nyongeza nyingi za mavazi kama kazi ya Restoration. Ukinywa dawa hiyo kisha ukavua na kuvaa tena pete ya Fortify Alchemy, pete inapanda nguvu. Kwa nguvu hiyo unakoroga Fortify Restoration kali zaidi, unarudia, na namba zinapaa mpaka zinapita uwezo wa gemu kuzihesabu, zikageuka hasi au gemu ikajifunga. Kuna wanaofanya hivyo makusudi. Lakini ukiona pete imeongezeka thamani ghafla bila sababu, tazama kama Fortify Restoration iko kwenye Active Effects. Vua, subiri dawa iishe, vaa tena. Unofficial Skyrim Special Edition Patch, marekebisho yaliyotengenezwa na mashabiki, imeufunga mlango huu, kwa hiyo ukiwa nayo na ujanja wa video za zamani haufanyi kazi, sasa unajua ni kwa nini.

Wanaocheza na modi (mabadiliko ya gemu yanayotengenezwa na wachezaji) wana kituo kimoja cha ziada. Modi yoyote inayobadilisha alkemia, uchawi au maadui inaweza kuwa imebadilisha kila namba iliyomo humu, ikiwemo nani ana kinga. Zima modi hizo, pakia faili ya zamani, jaribu sumu ya Deathbell na Nightshade kwa jambazi mmoja. Ikifanya kazi, tatizo ni modi. Ukijaribu kwa draugr umejirudisha mwanzo.

Athari iliyokwama kwenye Active Effects siku nzima ilhali ilikuwa ya sekunde, na kulala na kuvua kila kitu hakukuiondoa, ndiyo ninayokubali kuiita hitilafu bila mjadala. Kwenye kompyuta hifadhi gemu kwa faili mpya, fungua konsoli (dirisha la kuandikia amri), andika player.dispelallspells. Amri hiyo haichagui, huenda ikaondoa na baraka ulizozitaka, kwa hiyo faili mpya si pambo. Kwenye PlayStation, Xbox na Switch hakuna konsoli ya amri. Rudi kwenye faili ya kabla athari haijaingia, na kama huna, anza leo kuhifadhi kwenye faili zaidi ya moja.